Gauni la Saizi ya Kati

Angelina alikwama akiwa na mikono juu. Gauni jipya la kwaya lilikuwa limemfunika kichwa, shingo yake haijapata pa kutokea, na kiwiko kimoja kilikuwa kimenasa kwapani. Alijaribu kucheka humohumo ndani ya kitambaa. Wanawake waliokuwa wakijaribu magauni yao nyuma ya pazia la ukumbi wa parokia wakageuka kumtazama.

"Mama Allan, nisaidie. Hili limekataa."

Mama Allan ndiye Candida, fundi wa magauni yale. Yeye na mumewe Tarsis walikuwa na chumba cha kushonea Kariakoo, ghorofa ya pili, Mtaa wa Mchikichi. Tarsis alikata, Candida alipima watu na kuzungumza na wateja, na dada mmoja aitwaye Mboni alikaa kwenye cherehani. Candida mwenyewe aliimba sauti ya pili katika kwaya hiyohiyo. Kazi ile aliiomba kwa mdomo wake mbele ya kamati, akawahakikishia kwamba siku ya somo, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia, watasimama kama watu wa mama mmoja.

Alivuta gauni chini. Kichwa cha Angelina kikatoka, nywele zimevurugika, na uzi mmoja ukalia begani. Mikono yake ikabaki imetanuka pembeni, haishuki vizuri.

"Linanikata kwapani," alisema Angelina. "Na shingoni nasikia kama nimekabwa."

"Wewe ni saizi ya kati."

"Ndiyo. Ulinipima mwenyewe."

Candida alimwona Agnesi, mwenyekiti wa kwaya, akisogea kutoka upande wa kinanda na miwani yake mkononi. Akasema kwa ile sauti ya utani ambayo mafundi huitumia kila siku kwa wateja wao, ila aliipandisha kidogo ili ifike.

"Basi umeongezeka, dada. Kitambaa hakinenepi. Angalia mikono ilivyojaa, na shingo hii. Saizi ya kati zote zimekatwa sawasawa, mbona mwenzako Jovitha kaingia?"

Jovitha alikuwa amesimama karibu na dirisha, gauni limemkaa kama alizaliwa nalo. Akajizungusha. Wanawake wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha watu waliochoka jioni ya Jumamosi. Angelina naye akacheka, akaanza kulivua.

Nyuma yake walikuwapo wengine ambao magauni yao yaliwabana vilevile. Mmoja alikuwa ameshafungua mdomo aseme. Aliposikia kile kicheko aliufunga, akashusha mikono taratibu ili mshono usilie, akamwambia aliye karibu kwamba lake limemkaa vizuri tu.

Agnesi alifika akavaa miwani. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, mwenyekiti," alisema Candida. "Ni hili moja tu. Nitalipanua."

* * *

Maneno hayakuanza siku ile. Yalianza pale mtu alipoyarudia nyumbani, na mwingine akayarudia kwenye jumuiya, na kila aliyeyarudia akaongeza kidogo bila kukusudia ubaya. Angelina alikuwa mjane. Mumewe alizikwa mwaka juzi. Alipika chakula cha mchana kwenye kibanda upande wa Mnazi Mmoja, na kila Jumapili ndiye aliyeimba wimbo wa katikati, ule wa kati ya masomo ya misa, peke yake, sauti yake ikipanda hadi watoto wanaacha kuchezea viatu.

"Shingo ndiyo huanza," Jovitha alimwambia jirani yake siku ya mazoezi, Candida akiwa nyuma yao. "Tumbo linakuja baadaye."

"Mjane? Wa nani sasa?"

"Mimi sijui. Mimi nimeona shingo."

Candida alisikia. Aliinamisha macho kwenye daftari la nyimbo. Ilikuwa rahisi kusema kwamba si hivyo, kwamba yeye alitania tu. Lakini angesema hivyo wangemuuliza: sasa gauni lilikataa kwa nini? Akaimba.

Wiki iliyofuata Agnesi alimwomba Angelina apumzike kidogo. Alimwita pembeni, kwenye ngazi, akamshika mkono. Alisema si adhabu. Alisema ni hadi maneno yatulie, kwa heshima ya kwaya na kwa heshima yake mwenyewe. Wimbo wa katikati akapewa Jovitha, ambaye sauti yake ilikuwa safi lakini ndogo. Angelina hakuja tena kwenye mazoezi. Magauni yote yalirudishwa kwa Candida kupigwa pindo na kuwekwa vifungo, na lile lake likiwamo, limekunjwa mahali pake kwenye rafu.

Kila asubuhi Candida aliwahi misa ya kwanza kabla ya kufungua kazi. Alimwombea Angelina. Alisema: Bwana, kama ameanguka mwinue. Akatoka kanisani akijiona amefanya jambo la huruma.

* * *

Vidya alikuwa na duka Upanga, la sare za wauguzi na madaktari. Alikuwa anatafuta fundi wa kudumu. Aliwaletea kitambaa cha bluu na boksi la kukatia, yaani umbo la kipande cha mbele lililokatwa kwenye karatasi ngumu, akaomba jambo ambalo Tarsis aliliona la ajabu: wakate vipande vya mbele tu, wasishone, wavipange kwa jinsi vilivyofuatana.

"Nionyesheni mkono wenu kwanza," alisema.

Aliporudi kuvikagua, Tarsis alikuwa amevaa shati la kola. Vidya aliwasalimia wote, hata Mboni, akaketi, akachukua kipande cha kwanza na kipande cha mwisho. Alivilaza juu ya meza, kimoja juu ya kingine, akalinganisha katikati.

Cha mwisho kilichomoza pembeni pande zote. Begani kilizidi. Ubavuni kilizidi. Kwenye shingo na kwenye kwapa, pale ambapo kitambaa kinaingia ndani, kilikuwa kimejaza nafasi, tundu limekuwa dogo.

Tarsis alikohoa. "Kitambaa hiki kinavutika, dada."

"Inawezekana." Vidya akaviweka vile vipande vingine katikati ya hivyo viwili, kwa mfuatano wake. Kingo zikapanda moja baada ya nyingine kama ngazi, hakuna hata moja iliyorudi nyuma. "Baba Allan, boksi langu liko wapi?"

Lilikuwa limeegemea ukutani, safi kama lilivyokuja.

"Mbona halina chaki?"

"Nimelitumia kwa cha kwanza," alisema Tarsis. "Boksi linateleza. Kitambaa juu ya kitambaa hakitelezi, kinashika. Kwa hiyo cha pili nakifuatisha kwa cha kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa wote hapa Kariakoo."

"Na cha tatu?"

"Kwa cha pili. Cha kwanza kinakuwa kimeshaenda kwa Mboni. Hawezi kukaa bure na cherehani."

"Chaki unapitisha wapi?"

"Pembeni ya kipande."

"Na mkasi?"

"Nje ya chaki. Ukikata ndani unapunguza."

Mlangoni alikuwa amesimama Shomari, fundi wa chumba cha jirani, kikombe cha kahawa mkononi. "Leo fundi mkuu yuko kwenye mtihani," alisema. "Msimwonee, mzee wa watu hata miwani hajavaa."

Akanywa kahawa yake, akaondoka akipiga mluzi.

Vidya hakupandisha sauti. Candida aliona ingekuwa afadhali angepandisha. "Chaki ina unene wake," alisema. "Ni mdogo, jicho halioni. Lakini kila ukifuatisha kipande unauongeza, na kinachofuata kinaongeza juu ya huo. Mkono wa mtu hauwezi kukata sawasawa kila mara, hilo nalijua, hata wangu hauwezi. Kingine kikizidi nusu sentimita na kingine kikipungua nusu sentimita, mimi navipokea, mvaaji hatajua. Hivi vyenu havikosei huku na huku. Vinakimbilia upande mmoja."

"Tutarekebisha," alisema Candida.

"Kila kipande kwa boksi. Kama linateleza, liwekeeni uzito juu. Mkimaliza vingine, nipigieni." Alisimama, akakunja kitambaa chake mwenyewe kabla Mboni hajamsaidia. "Bahati nzuri haya ni majaribio, hakuna aliyevaa."

* * *

Vidya alipokwisha kushuka ngazi, Candida alikwenda kwenye rafu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alitoa gauni la Jovitha na gauni la Angelina, yote yana alama ya saizi ya kati kwenye kola, akayalaza mezani palepale.

Tarsis alimtazama. "Unafanya nini?"

Candida alikuwa anatazama shingo mbili. Ya Angelina iliingia ndani ya ile ya Jovitha, na nafasi ikabaki pande zote. Makwapa vilevile. Chini, kwa kuwa gauni lilikuwa pana na la marinda, hakuna ambaye angeona kwamba limezidi.

"Hili lilikatwa lini?"

"Sikumbuki. Mwishoni."

"Mboni," alisema Candida, "ulipokuwa unashona haya ya mwishomwisho hukuona kitu?"

Mboni alitoa pini mdomoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mikono ilikuwa haiingii kwenye makwapa, mama. Ilikuwa mikubwa. Nilisema."

"Ulisema lini?"

"Nilisema, mama. Hata wewe ulikuwepo, ulikuwa kwenye simu. Baba akasema punguza iingie. Nikapunguza."

Tarsis alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mkataji tangu ujana, na katika jengo lile watu walimletea vitambaa vya gharama vya harusi kwa sababu mkasi wake haukuwa na wasiwasi. Sasa aliitazama mikono yake, akaiweka magotini.

"Tunayafungua makwapa," alisema. "Tunayakata upya, na shingo. Siku mbili tatu kazi imeisha. Tunawaambia kitambaa kilinywea kwa pasi."

"Na Angelina?"

"Angelina tunamwambia hivyohivyo, kitambaa kilinywea. Anarudi kuimba. Nani ameumia?"

"Baba Allan, watu wanasema ana mimba."

"Hatukusema sisi."

"Nilisema mimi. Nilisema mikono imejaa. Nilisema shingo."

"Hukusema mimba." Akashusha sauti kwa sababu ya Shomari upande wa pili. "Sikiliza. Mwaka mzima tunakula kwa parokia hii. Magauni ya komunio, vitenge vya jumuiya, sare za akina mama wa WAWATA. Ukisimama pale ukasema Tarsis hajui kukata, nani ataleta kitambaa chake hapa? Watamletea huyo mpiga mluzi. Mimi sisemi udanganye. Nasema usitaje kila kitu."

Candida aliyakunja magauni yale mawili. Alichoona ni kwamba maneno yale yalimletea nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomwaibisha. Akachukua tepu ya kupimia, akaiweka mkobani, akashuka.

* * *

Angelina aliishi uani, Mtaa wa Sikukuu, chumba cha mwisho baada ya bomba. Alikuwa amerudi kutoka kibandani, anasugua sufuria. Wapangaji wawili waliokuwa wakichambua mboga walimwona Candida, wakapunguza mazungumzo yao.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Candida.

"Milele, amina. Karibu." Angelina alinawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akamwingiza ndani na kufunga mlango. Alimpa kiti, yeye akakaa kitandani. "Umekuja kunipa gauni au kunipa pole?"

"Nimekuja kukupima tena. Kulikuwa na kosa."

"Kosa gani?"

Candida alikuwa amepanga kusema vingine. Ngazi zote alizoshuka, na barabara zote alizovuka, alikuwa anapanga. Lakini Angelina alikuwa anamtazama na yale macho ya mtu anayesubiri, na mdomo ukaenda wenyewe kwenye njia nyepesi.

"Kitambaa kilinywea. Kwa pasi."

Angelina alikaza kanga kiunoni. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

"Kilinywea."

"Kilinywea. Nyanyua mikono, dada."

Alipiga magoti mbele ya kitanda, akampitishia tepu kifuani. Alivuta hadi ishike, akasoma, akaiachia, akaizungusha tena kwa sababu hakuiamini.

"Mara ile ulisema thelathini na nane," alisema Angelina juu ya kichwa chake. "Ulisema kwa sauti. Sasa imesoma ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Eh." Alishusha mikono. "Nimeacha chakula cha jioni tangu siku ile. Na asubuhi nakunywa chai ya rangi tu. Mchana kutwa napika wali wa watu, naonja chumvi, natema. Nilisema, kama Mungu anataka niimbe siku ya somo, basi nitaingia kwenye gauni lile hata kwa kufa."

Candida alikuwa bado amepiga magoti, tepu mkononi.

"Na nilienda kupima," alisema Angelina.

"Kupima nini?"

"Unajua kupima nini. Agnesi alinipigia. Alisema kwa upole kabisa, dada, ukitaka kuwafunga midomo nenda kapime, jibu ukiwa nalo hakuna wa kusema. Mimi mume wangu nimemzika, sijamjua mwanaume mwingine, hilo najua mimi na Mungu. Lakini nilienda. Nilikaa kwenye benchi na wasichana wadogo. Nesi akaniita mama mjamzito sogea hapa, kabla hata hajanipima. Na unajua kilichoniuma zaidi? Jibu lilipotoka kwamba sina, nilifurahi. Nikashukuru kama mtu aliyeponyoka. Kwani nilikuwa nayo? Watu wamesema mpaka na mimi nikaanza kuutilia shaka mwili wangu mwenyewe." Akapangusa uso kwa pindo la kanga. "Basi, kama ni kitambaa kilinywea, Mungu ni mwema. Hakuna wa kulaumiwa."

Nje maji ya bomba yalikuwa yanajaza ndoo. Candida alisikia hadi ndoo ikajaa na mtu akafunga.

"Hakikunywea," alisema.

Angelina akamtazama.

"Hakikunywea, dada. Kitambaa kilikuwa kizima. Sisi tulikata vibaya. Baba Allan alikata kimoja kwa kufuatisha kingine, na kingine kwa kufuatisha hicho, na kila kimoja kilikuwa kinajaza shingo na makwapa kidogokidogo, sisi hatukurudi kupima kwa boksi la mwanzo. Lako lilikuwa la mwisho. Nimelilaza leo juu ya la Jovitha. Shingo yako inaingia ndani ya yake. Angevaa mtu yeyote angekwama. Na Mboni alisema, sisi hatukusikia. Na siku ile mimi nilikuwa namwogopa Agnesi asione kazi yangu mbaya, ndiyo maana nikasema uliyoyasikia. Na hata sasa hivi nimeingia hapa nikakudanganya."

Alikuwa anaongea na sakafu. Alisubiri kutukanwa, na angelipokea tusi kama dawa.

"Maneno haya umeyasema hapa," alisema Angelina. "Mlango umefungwa."

"Ndiyo."

"Yale uliyasema wapi?"

Candida alianza kuikunja tepu.

"Kayaseme palepale," alisema Angelina. "Mimi nitakuja kusikiliza. Na usiseme tu samahani kwa Angelina. Waeleze gauni lilikuwaje, waelewe, asitoke mtu akasema mmenionea huruma."

* * *

Siku ya mazoezi Candida alisimama mbele ya kwaya kabla ya sala ya kufungulia. Alikuwa ameomba nafasi kwa Agnesi, na Agnesi alifikiri ni habari za vifungo. Angelina alikaa nyuma kabisa, kiti cha mlangoni, na watu walikuwa wameacha viti vitupu kati yake na wao.

Candida alianza vibaya, kwa maneno marefu kuhusu ugumu wa kazi na bei za vitambaa, hadi akajisikia mwenyewe na kunyamaza. Kisha akaanza upya. Alieleza chaki, alieleza mkasi, alieleza kipande juu ya kipande. Aliinua magauni mawili akayaweka shingo kwa shingo.

"Kwa hiyo Angelina hakuongezeka," alisema. "Nimempima tena. Amepungua. Amepungua kwa sababu yangu. Nilimsema mbele yenu na kosa lilikuwa la kwangu na la nyumba yangu. Mmebeba maneno yangu mkaenda nayo mbali, lakini mliyatoa kwangu."

"Nilikata mimi," ilisema sauti ya kiume.

Tarsis alikuwa mlangoni. Hakuwa amemwambia mkewe kwamba atakuja, na tangu jana walikuwa wakisemeshana kwa mambo ya lazima tu. Alisogea hatua chache ndani, akasimama karibu na kiti cha Angelina, kofia mikononi. "Mama Allan alipima sawa. Mkasi ni wangu. Basi, ni hilo tu." Akabaki amesimama pale, hajui aondoke au akae.

Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza akasema taratibu, "Hata langu linanibana."

"Na langu," alisema mwingine. "Tangu siku ile."

"Mbona hamkusema?" aliuliza Agnesi.

"Tuseme ili tuitwe wanene?"

Wachache wakacheka, wakaacha haraka. Ndipo ikaja sehemu ambayo Candida hakuitarajia. Kila mmoja akaanza kusema kwamba yeye hakusema kitu. Jovitha alisema alizungumzia shingo tu, na shingo si dhambi. Mwingine alisema yeye alisikia, hakueneza. Agnesi alivua miwani, akasema yeye alimwomba apumzike kwa nia njema, na wote wanajua. Hapakupatikana hata mtu mmoja aliyesema lile neno lenyewe. Lilikuwa limezunguka Kariakoo nzima bila mdomo.

Angelina aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama.

"Wimbo wa katikati nitauimba mimi siku ya somo," alisema. "Kama mwenyekiti ana neno, aseme sasa."

"Sina neno, dada," alisema Agnesi. "Ni wako."

"Ila gauni sitavaa."

Candida alishtuka. "Nitakushonea jingine. Nitalikata kwa boksi, mimi mwenyewe nitasimama pale."

"Shona. Mpe mwingine. Mimi nitavaa nguo zangu."

"Dada, wote tutakuwa na sare," alisema Agnesi. "Utaonekana peke yako. Watu watauliza."

"Watauliza," alisema Angelina. "Wasiniulize mimi. Wamuulize Mama Allan, atawajibu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga zamu za kufagia ukumbi. Kisha akaja mbele, akapita katikati ya viti vile vitupu, akasimama mahali pake pa zamani na kufungua daftari.

* * *

Siku ya somo kanisa lilijaa hadi nje, chini ya maturubai. Magauni yote yalikuwa yamekatwa upya shingo na makwapa. Tarsis alikuwa ameliwekea boksi pasi mbili za chuma juu ili lisiteleze, akakata kila kipande kwa hilo, akaenda polepole kama mwanafunzi, na Shomari alimtania hadi akachoka. Kwaya iliingia kwa maandamano ikiwa na rangi moja, mishono sawa, mabega sawa. Ilipendeza. Katikati ya mstari wa mbele alikuwapo mwanamke mmoja aliyevaa blauzi nyeupe ya zamani na sketi nyeusi.

Candida alikuwa nyuma yake, upande wa kushoto. Aliona vichwa vikigeuka. Aliona watu wakinong'onezana, wakihesabu kwa macho sare zilizoko, wakirudi tena kwenye ile blauzi. Wakati wa wimbo wa katikati Angelina alipanda peke yake kwenye mimbari ya masomo. Sauti ilianza chini, ikapanda, na kwa muda hakuna aliyekumbuka nguo. Candida alijua kwamba wangekumbuka tena baadaye, na alijikuta haombi wasahau.

Baada ya misa watu walimiminika uwanjani, wapiga picha wakaita vikundi. Picha ya kwaya ilipigwa hivyohivyo, sare zote na blauzi moja. Angelina alikwenda zake kwenye kibanda chake, kwa maana sikukuu ilikuwa na wateja wengi.

Mama mmoja mzee wa jumuiya ya jirani, aliyekuja na fimbo yake, alimshika Candida mkono karibu na lango.

"Shikamoo, mama," alisema Candida.

"Marahaba, mwanangu. Mmependeza. Nani amewashonea?"

"Mimi na mume wangu."

"Hongereni. Sasa yule mwenzenu aliyeimba vile, mbona mmemwacha bila gauni? Hakuwa na mchango wake wa gauni?"

Nyuma ya yule mama walikuwa wamesimama wawili watatu waliotaka kujua jambo hilohilo. Tarsis, ambaye alikuwa anamngoja mkewe ng'ambo ya lango, alilisikia swali, akavuka kuja kusimama kando yake.

"Alikuwa nao, mama," alisema Candida. "Alitoa kabla ya wengi wetu. Gauni lake tulilikata vibaya, halafu mimi nikasema amenenepa."

Yule mzee alitega sikio lililokuwa zima. "Umesema nini? Sema kwa nguvu, mwanangu, hapa kuna kelele."

Candida akavuta pumzi, akayarudia tangu mwanzo, kwa nguvu.